Nguzo hukaa, balbu hupita: historia ya taa za barabarani kutoka Unguja hadi Manyatta

Leo tuache kompyuta kidogo. Najua wengi wenu mnapita hapa kutafuta habari za programu, simu na intaneti. Lakini mara moja moja ni vizuri kuangalia teknolojia iliyozeeka hadi hatuioni tena, ingawa tunapita chini yake kila jioni. Leo ni zamu ya taa za barabarani. Na si taa yenyewe tu, bali hasa kile kinachoibeba: nguzo.

Nina sababu ya kuchagua jambo hili. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Kenya Power ilianza kuleta nguzo za zege badala ya zile za miti tulizozizoea. Wakati huo huo huko Uingereza, nchi iliyosimamisha nguzo za taa za zege kwa wingi tangu miaka ya 1930, halmashauri zilikuwa zinazing'oa moja baada ya nyingine. Yaani sisi tunapanda kile ambacho wenzetu wanang'oa!

Je, ina maana tumekosea? Si lazima. Lakini ukiona jirani anafuta kwenye kompyuta yake programu ile ile ambayo wewe ndiyo kwanza unaiweka, ni busara kumuuliza imemfanyia nini. Basi leo tuulize.

Tutaanzia Unguja, tupite Mombasa na Nairobi, twende Uingereza kutazama zege lenyewe, kisha turudi huku Embu, kwenye mabwawa ya Mbeere na soko la Manyatta. (Kwa walio mbali: nazungumzia Manyatta ya Embu, njiani kupanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya. Si Manyatta ya Kisumu.)

Mwanga wa kwanza: Unguja

Historia rasmi ya kampuni ya umeme ya Kenya haianzii Nairobi. Inaanzia Unguja. Inasema kwamba mwaka 1875 Sultani Barghash bin Said alinunua jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu.

Hebu uangalie huo mwaka vizuri. Edison alionyesha balbu yake mwaka 1879. Paris ilipata taa maarufu za umeme kwenye barabara ya Avenue de l'Opéra mwaka 1878. Kwa hiyo taa za umeme za miaka hiyo hazikuwa balbu kama tunazozijua. Zilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyosogezwa karibu, umeme ukaruka katikati na kutoa mwanga mkali sana. Kama umewahi kumwona fundi wa jua kali akichomelea geti, umeshaona mwanga wa aina hiyo. Vijiti vilikuwa vinaungua na kwisha, kwa hiyo lazima mtu awepo wa kuvibadilisha. Tangu mwanzo kabisa, taa ya barabarani ilihitaji mtu wa kuitunza. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Sasa ruka hadi karne yetu. Unguja, kisiwa kilichotangulia wengi kwa taa, kilikaa gizani karibu mwezi mzima kuanzia tarehe 21 Mei 2008. Halafu kikaingia gizani tena Desemba 2009, na safari hii hadi Machi 2010, miezi mitatu! Nguzo zilikuwepo. Balbu zilikuwepo. Tatizo lilikuwa kwenye njia moja tu ya umeme kutoka Tanzania Bara, waya uliopita chini ya bahari tangu mwaka 1980. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi, uliogharimiwa na msaada wa Marekani, ulizinduliwa mwaka 2013.

Waunda programu wanalijua tatizo hili vizuri: kila kitu kinategemea sehemu moja, na sehemu hiyo ikifa, kila kitu kinakufa. Na sehemu hiyo kwa kawaida ndiyo isiyoonekana.

1908: Mombasa na Nairobi

Tuendelee. Historia ile ile ya kampuni inasema jenereta ya Sultani ilinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ikazaliwa kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting. Mwaka huo huo, mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya pekee ya kusambaza umeme Nairobi, ikaundwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting Company.

Angalia majina yote hayo: Power and Lighting, yaani nguvu na mwanga. Kwa watu wa wakati ule mwanga haukuwa jambo la pembeni, ulikuwa nusu ya biashara yenyewe. Neno hilo liliendelea hata mwaka 1983, jina lilipobadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting Company. Ni mwaka 2011 ndipo kampuni ilipojitangaza upya kwa jina fupi la Kenya Power, na mwanga ukatoka kwenye bango.

Na sisi Wakenya tukalipa jambo zima jina letu: stima. Neno hilo kwanza lilikuwa la meli ya moshi. Wenzetu wa Tanzania wanasema umeme, neno la radi angani. Sisi tunalipia bili ya meli!

Lakini mwanga huo ulimfikia nani? Katika miji ya kikoloni taa zilifuata ofisi za serikali, maduka makubwa na mitaa ya Wazungu. Mitaa ya Waafrika ilisubiri. Mji wa Embu ulianza kama kituo cha utawala wa Waingereza mwaka 1906, na baadaye ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, lakini ukipanda milimani nje ya mji, koroboi na kandili ziliendelea kutawala usiku kwa miongo mingi. Mpango wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1973, yaani miaka 65 baada ya Nairobi kupewa leseni yake.

Kwa nini zege?

Vifaa vya umeme vya makoloni ya Uingereza vilitoka zaidi Uingereza, na hadi leo umeme wetu unafuata vipimo vya kule: volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo tukitaka kuelewa nguzo ya taa ya zege, inabidi twende kule ilikofanyiwa majaribio ya muda mrefu.

Kabla ya zege, nguzo za taa huko zilikuwa za chuma cha kumimina, zenye maua na mapambo, nyingi zikiwa zimerithiwa kutoka enzi ya taa za gesi. Zilikuwa fupi, na zilitosha mwendo wa farasi. Magari yalipoongezeka, mahesabu yalibadilika. Mwaka 1937 kamati ya Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza ilitoa ripoti yake ya mwisho kuhusu taa za barabarani. Ilipendekeza kwamba kwenye barabara kuu taa iwe juu futi 25, karibu mita 7.6, na kwenye barabara za mitaani futi 13 hadi 15, yaani mita 4 na kitu.

Taa zikipanda juu, nguzo nayo inarefuka, na nguzo ndefu za chuma ni ghali. Hapo ndipo zege lilipopata nafasi yake. Kampuni ya Concrete Utilities ya karibu na mji wa Ware, na kiwanda cha Stanton kilichojulikana zaidi kwa mabomba, zilitengeneza nguzo za zege kwa maelfu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja, chuma kikaenda kwenye silaha, na miaka iliyofuata kikawa adimu bado. Zege likazidi kuenea.

Sifa zake zilivutia kweli kweli. Halihitaji kupakwa rangi. Haliozi. Haliliwi na mchwa. Mchanga na kokoto vinapatikana karibu kila mahali. Na linaweza kumiminwa kwa umbo lolote, kwa hiyo kulikuwa na nguzo zenye pembe nane, zenye mikono iliyopinda kama shingo ya korongo, na zenye michirizi kama nguzo za mahekalu ya Wagiriki. Hadi leo kuna watu huko wanaozipenda nguzo hizi kiasi cha kuzipiga picha moja moja, kuandika aina na mtengenezaji wake, na kuokoa vichwa vya taa vinapotupwa ili kuvitengeneza upya nyumbani.

Sasa tuone zinavyotengenezwa, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Zege ni simiti, mchanga, kokoto na maji. Likibanwa lina nguvu sana. Likivutwa ni dhaifu. Upepo ukisukuma nguzo, upande mmoja unabanwa na upande wa pili unavutwa. Ndiyo sababu ndani huwekwa vyuma (nondo, kwa wenzetu wa Tanzania). Zege linabeba ule mgandamizo, chuma kinabeba ule mvuto. Kila mmoja anafanya kazi anayoiweza.

Njia moja ya kutengeneza ni kumimina zege kwenye fomu na kuliacha likauke. Njia nyingine, ambayo kiwanda cha Stanton kilijulikana nayo, ni kuzungusha. Unaweka vyuma ndani ya fomu ya mviringo, unatia zege, halafu unaizungusha fomu kwa kasi kubwa. Zege linarushwa nje na kushikamana na ukuta wa fomu, maji ya ziada yanakamuliwa, na katikati inabaki tundu. Tundu hilo ni zuri mara mbili: nguzo inakuwa nyepesi, na waya unapata njia ya kupita. Nguzo nyingi za zege za kisasa duniani bado hutengenezwa kwa kuzungusha, pamoja na hatua moja ya ziada: nyaya za chuma huvutwa kwanza kwa nguvu kabla zege halijakauka, ili zikiachiwa zilibane zege muda wote na kulizuia lisipasuke.

Ugonjwa wa ndani

Kama zege ni zuri hivyo, mbona linang'olewa?

Zege jipya ni kali sana kikemia, lina alkali nyingi. Ukali huo ndio unaolinda chuma kilichomo ndani: kinapata utando mwembamba juu yake na hakishiki kutu. Lakini hewa ya ukaa inapenya zege polepole, mwaka hadi mwaka, kutoka nje kwenda ndani, na kuumaliza ule ukali. Siku hewa hiyo inapofika kwenye chuma, ulinzi umekwisha. Maji na oksijeni vikifika, kutu inaanza.

Na kutu si rangi tu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara 2 hadi 6. Nafasi hiyo itoke wapi, na chuma kimezungukwa na zege pande zote? Haina pa kwenda, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Unaona ufa mwembamba wa wima. Baadaye doa la kahawia. Baadaye kipande kinabanduka na chuma kinachungulia. Kwenye nchi za baridi chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inaharakisha ugonjwa huu. Kwetu, chumvi ya bahari inaweza kufanya kazi hiyo hiyo Mombasa na Unguja.

Kinachoamua nguzo itaishi miaka 20 au 70 ni vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviona siku ya uzinduzi:

- Unene wa zege lililofunika chuma. Tofauti ya sentimita moja inaweza kuwa tofauti ya miongo.
- Maji yaliyotiwa kwenye mchanganyiko. Maji mengi humrahisishia fundi kazi, lakini huacha vitundu vingi vya hewa kupenya.
- Kichwa cha nguzo. Kama maji ya mvua yanaingia kupitia pale mkono wa taa ulipofungwa, nguzo inaoza kutoka juu.
- Mahali inapokutana na ardhi, na mlango wa fyuzi. Hapo ndipo unyevu unapokaa.

Kuna tatizo lingine pia. Nguzo ya zege haisamehe. Gari likiigonga, haipindi kama ya chuma chepesi, na ina uzito wa mamia ya kilo. Na ukitaka kufunga mkono mrefu zaidi au taa nzito zaidi, huwezi kuitoboa ovyo bila kufika kwenye vyuma.

Lakini tuseme haki. Zipo nguzo za zege za kabla ya vita zilizodumu zikiwa wima hadi karne hii. Zilizotengenezwa kwa uangalifu zimewazika mafundi wake, na pengine wajukuu wa mafundi hao. Kwa hiyo jibu la jirani yetu anayefuta programu yake si kwamba zege ni baya. Jibu lake ni kwamba zege linaficha ugonjwa wake. Mti ukioza unaugonga kwa nyundo na unasikia. Chuma kikishika kutu unaona. Zege hunyamaza miaka 30, halafu linasema mara moja.

Vichwa vinavyobadilika

Juu ya nguzo hizo, mambo yalienda mbio zaidi. Mwaka 1932 ulikuwa mwaka mkubwa. Kampuni ya Philips iliweka taa za sodiamu kwenye barabara kati ya Beek na Geleen huko Uholanzi, na mwaka huo huo Uingereza ikaziweka kwenye barabara ya Purley Way, Croydon. Taa hizi zikiwashwa zilianza na wekundu wa gesi ya neoni, halafu zikageuka njano tupu. Njano tupu kweli: mwanga wote uko karibu na nanomita 589, kwa hiyo chini yake gari la kijani na gari jekundu yote ni kijivu. Lakini zilikuwa na ubahili wa ajabu. Balbu ya waya ilitoa lumeni 12 hadi 15 kwa kila wati moja. Taa ya sodiamu ya aina hiyo, ilipofikia ukomavu wake, ilitoa hadi 180 na zaidi.

Pembeni yake kulikuwa na taa za zebaki zenye mwanga wa kibuluu. Kisha katika miaka ya 1960 zikaja sodiamu za mgandamizo mkubwa, zile za rangi ya chungwa ambazo wengi wetu tumekua nazo mijini. Halafu mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Japani akaonyesha LED ya buluu yenye mwanga mkali, na kutoka hapo ikapatikana LED nyeupe. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Leo LED ndiyo inayofungwa karibu kila mahali.

Hesabu sasa. Nguzo moja iliyosimamishwa mwaka 1938 na ikadumu ingeweza kubeba balbu ya waya, kisha zebaki, kisha sodiamu, kisha LED. Vizazi vinne vya taa, nguzo moja! Iliwezekana kwa sababu pale kichwa kinapokutana na mkono pana vipimo vinavyojulikana. Ukiheshimu vipimo hivyo, kichwa cha mtengenezaji yeyote kinaingia. Huo ndio usanifu mzuri, na waunda programu tungejifunza hapo: sehemu inayobadilika haraka itenganishwe na sehemu inayokaa, na kati yao pawe na makubaliano yasiyobadilika ovyo.

Chanzo cha mwanga kiko Mbeere

Turudi nyumbani. Watu wa Embu tunaishi juu ya chanzo cha mwanga huu wote. Chini upande wa Mbeere, kwenye mto Tana, kuna mabwawa matano mfululizo: Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225, mkubwa kuliko bwawa lingine lolote la umeme nchini. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea pia umeme wa Uganda, kutoka bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954.

Kwa miaka mingi, Tana ikikauka, nchi inakuwa giza. Ukame wa mwaka 2000 ulileta mgao mkali wa stima ambao waliokuwa watu wazima wakati huo hawajausahau.

Na tarehe 7 Juni 2016 ilitokea kali zaidi. Tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikazimika. Mashine nyingine zikaelemewa na mzigo, nazo zikajitoa, zikapotea megawati zaidi ya 180, na Kenya nzima ikawa giza kwa zaidi ya saa tatu! Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na shirika la wanyamapori. Watu walicheka sana, lakini hili ni lile lile la Unguja: nguzo zote zilikuwa wima siku ile.

Ajabu nyingine ni kwamba kuishi karibu na bwawa hakukuhakikishii taa. Nyaya kubwa zilipita juu ya vijiji vya Mbeere kwenda Nairobi miaka mingi kabla ya vijiji hivyo kupata waya mdogo wa kushuka. Mradi wa Last Mile wa mwaka 2015 ndio uliosogeza stima kwenye nyumba nyingi za vijijini nchini.

Mbulugamu, mulika mwizi na sola

Nguzo ya jadi ya Kenya ni mti, na mti wenyewe ni mbulugamu. Unakatwa, unakaushwa, unalowekwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, kisha unasimamishwa. Wakulima wengi wa nyanda za juu walipanda mibulugamu wakihesabu soko hilo. Kwa hiyo kubadilisha nguzo ya mti kuwa ya zege si uamuzi wa wahandisi tu, unaingia shambani kwa mtu na mfukoni mwake.

Mijini tukaona njia nyingine. Kuanzia mwaka 2002 kampuni ya Adopt-A-Light ya Esther Passaris ilifufua taa za Nairobi kwa fedha za matangazo yaliyotundikwa kwenye nguzo. Pia zikaja nguzo ndefu sana za chuma zenye taa kubwa juu, zinazoangaza mtaa mzima kwa mara moja. Wananchi wakaziita mulika mwizi, jina lile lile walilozipa simu ndogo zenye tochi. Jina linaonyesha watu walitaka nini: si uzuri wa barabara, bali usalama. Na biashara pia. Kwenye soko kama la Manyatta, mama mboga mwenye mwanga anauza saa mbili zaidi, na matatu ya mwisho ina abiria wa kushusha bila hofu.

Halafu ikaja sola: nguzo yenye paneli, betri na LED yake mwenyewe. Ni kama tofauti ya kompyuta kubwa moja ya ofisi nzima na kompyuta ndogo kwa kila mtu. Tumbili wa Gitaru haizimi taa ya sola. Lakini kila nguzo sasa ina betri inayochakaa au kuibwa, na ikifa, inakufa peke yake kimya kimya. Tumeondoa sehemu moja kubwa ya kuharibika, tukaweka mamia madogo.

Nani mwenye nguzo?

Hapa ndipo penye uzito kwetu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inasema taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Umeme unauzwa na Kenya Power. Nguzo mara nyingi inabeba vyote viwili: nyaya za kampuni na taa ya kaunti. Mfumo wenye wasimamizi wawili, na bili moja.

Wasimamizi wakikosana unaona matokeo. Februari 2025 malori yalimwaga taka nje ya Stima Plaza, Nairobi, wakati kampuni na Kaunti ya Nairobi zikizozania madeni ya umeme na ada za kupitisha nyaya. Mahali popote deni la namna hiyo likifika mwisho, taa huwa rahisi kukatwa, kwa sababu taa haina mdomo.

Sasa unganisha mambo yote. Tunasimamisha nguzo za zege ambazo zinaweza kubaki hadi mwaka 2080. Tunajua ugonjwa wake ni wa kimya na unachukua miaka 30 kuonekana. Na zina wenyewe wawili. Viongozi waliozizindua watakuwa wameshastaafu. Atakayejua nguzo ipi ilisimamishwa mwaka gani na kiwanda gani ni nani? Uingereza angalau kulikuwa na wapenzi wa nguzo, watu wa picha na madaftari, waliojua ipi ni ipi.

Basi tufanye hilo sisi, na tulifanye mapema. Zana zipo bure. Ramani ya OpenStreetMap ilianza mwaka 2004, na vijana wa Kibera waliitumia mwaka 2009 kuuchora mtaa wao wenyewe. Ndani yake taa ya barabarani huandikwa highway=street_lamp, na unaweza kuongeza kama nguzo ni ya mti, chuma au zege. Ukipita sokoni, tazama haya:

1. Kuna alama au tarehe iliyochapwa kwenye zege, chini kidogo ya usawa wa macho? Ipige picha kabla haijafutika.
2. Kuna ufa wa wima au doa la kahawia? Andika mwaka ulioliona.
3. Mlango wa fyuzi umefungwa? Ukiwa wazi usiuguse, umeme unaua. Ripoti.
4. Taa inawaka usiku? Inawaka mchana? Yote mawili ni habari.

Taarifa hizo leo zinaonekana za kijinga. Baada ya miaka 30 zitakuwa dhahabu kwa mhandisi wa kaunti ambaye huenda hajazaliwa bado, maana zitamwambia aanzie nguzo gani kabla haijamwangukia mtu.

Kama mtaani kwako kuna nguzo ya taa ya zamani, iwe ya chuma cha kumimina huko Mombasa au ya zege mahali popote, ipige picha na uandike iko wapi. Nguzo ikishang'olewa hakuna wa kukumbuka ilikuwaje.

Tuonane wakati mwingine. Tutarudi kwenye programu, msijali.